Mkono wa Mama Kauthar

Damari alikuwa na ekari mbili na nusu, watoto wawili wa kiume, na mdomo. Ekari aliachiwa na marehemu mumewe, ila mdomo ulikuwa wake mwenyewe, na kijiji kizima cha Issuna kiliujua. Mwaka huo mdomo wote aliuelekeza kwenye jambo moja: mbuga ya malisho ya kijiji igawiwe mashamba. Zile ekari zilimtosha mtoto wake mkubwa tu. Peniel, mdogo, alikuwa na mke na mtoto mchanga, na hakuwa na pa kupanda hata bamia. Alishasema wazi kwamba mbuga isipogawiwa, Jumatatu anapanda basi kwenda Dodoma kutafuta maisha. Kila alipolisikia neno Dodoma, Damari alizidisha mdomo.

Aliyempinga, tena kumpinga kwelikweli, alikuwa Saada, mama Kauthar, jirani yake wa ua kwa ua kwa miaka ishirini na saba. Saada alikuwa na ng'ombe kumi na tisa na mbuzi wasiohesabika. "Mkishaigawa mbuga, hawa wanyama watakula nini, turubai?" aliuliza mkutanoni, na watu wa malisho wakapiga vigelegele. Damari akamjibu kwamba binadamu hali majani. Tangu siku ile hawakusalimiana tena.

Usidhani ulikuwa ugomvi wa wanawake wawili tu. Kijiji kizima kilipasuka. Watu wa mashamba wakaacha kununua chumvi kwenye maduka ya watu wa malisho, na hao nao wakahama kisima. Mzee Antipasi alipofiwa na dada yake, nusu ya watu hawakuonekana msibani. Msibani, jamani! Mkutano mkuu wa kupiga kura ukapangwa Jumamosi.

Sasa alizeti ya Damari ilikuwa imekauka, na pale kwao kupura kuna utaratibu wake. Jioni ya kuamkia siku ya kazi unapita nyumba kwa nyumba, kwenye kila mlango unaacha kichwa kimoja cha alizeti. Aliyewekewa amealikwa. Alfajiri watu wanakuja na fimbo zao, wanasimama mistari miwili kuzunguka turubai lililomwagiwa alizeti, uso kwa uso. Mstari mmoja unapura mpaka uchoke, mwingine unapumzika, kisha wanabadilishana. Na wanaopumzika ndio wanaosema. Watasema utani, watasema malalamiko, mama mkwe ataambiwa ukweli wake hapohapo. Anayepura hajibu, kwanza hana pumzi, pili ni mwiko. Atangoja fimbo yake ipumzike.

Jumatano jioni Damari alipita na beseni la vichwa vya alizeti, Yasinta mke wa Peniel akiwa nyuma yake. Kila mlango wa mtu wa malisho aliuruka.

"Mama, na kwa mama Kauthar je?" Yasinta aliuliza.

"Twende zetu."

Akapita mlango wa Saada akiangalia mbele kama askari kwenye gwaride. Moyoni alijua kabisa anachokifanya, na hakujipenda.

Kesho yake wakaja watu kumi na mmoja kwa kazi ya watu thelathini. Tena wote walikuwa wa upande mmoja, hivyo waliopumzika hawakuwa na cha kusema zaidi ya kusifiana, na wapuraji wakasinzia na fimbo mkononi. Saa nne mawingu yakaanza kujikusanya, mawingu ya mwezi wa tano, yasiyo na adabu. Alizeti iliyokatwa ikilowa inaoza. Damari alitazama lundo, akatazama juu, akataka kulia.

Ndipo akatokea Saada kwenye kona ya ua, fimbo begani, na nyuma yake watu kumi na wanne.

"Sijawaita," Damari alisema.

"Tumeona. Mlango wangu leo umeamka mtupu," Saada alisema. "Nimekuja kukuuliza, umenisahau au umenifuta?"

"Nimekuacha kwa sababu ya mbuga."

"Basi mbuga tutaibishania hapa. Watu wako mstari ule, wangu huu. Mvua haingoji Jumamosi."

Mstari wa Saada ukaanza kupura, kwa hiyo wa kusema akawa Damari. Alisema yote. Alisema habari za Peniel, za mtoto mchanga, za vijana wanaoondoka na kurudi kwenye majeneza. Saada alipura tu, jasho likimtiririka, hakutoa hata neno. Kisha wakabadilishana. Damari akashika fimbo, na Saada akapata pumzi.

"Wewe unaona ng'ombe," Saada alisema. "Mimi nikiwatazama naona karo. Kauthar amesoma kwa mbuzi, na wadogo zake watatu bado. Na ile samadi inayootesha hii alizeti, Mama Peniel, huwa inatoka kwa nani? Mkilima mpaka kwenye lambo, wanyama watapita wapi kwenda kunywa? Watapita kwenye mazao ya Peniel, na hapo ndipo watu watachinjana."

Damari alifungua mdomo ajibu, pumzi ikakata, akaufunga. Ilimuuma! Lakini kwa mara ya kwanza katika miezi mitatu alimsikia Saada akimaliza sentensi. Zamu yake ilipofika alikuta hawezi kuanza na maneno aliyokuja nayo. Ilibidi aanze na lambo.

Wakaendelea hivyo, alizeti ikishuka, maneno yakipanda. Wapuraji wakachangamka, kila upande ukataka uchoke haraka upate kusema. Ndipo Saada alipogusa pabaya.

"Peniel ana mikono mizima," alisema. "Mbona lile shamba alilokodi kwa mzee Sijaona limelala?"

Peniel alikuwa mstari unaopura. Damu ikampanda, akairusha fimbo yake mbele, ikamkuta Saada kwenye vidole vya mkono wa kulia. Watu wote walisikia ile sauti. Wanaume wa malisho wakainua fimbo zao, na mtu wa upande wa Damari akaokota jiwe.

"Shusheni!" Saada alisema. Vidole vilikuwa vinavimba watu wakiviangalia. Akauzungushia mkono ncha ya kanga, akamgeukia Peniel. "Mwanangu, umenijibu nje ya zamu. Zamu yako ikifika utanijibu. Nilikuwa nasema habari za shamba la Sijaona."

Na akamalizia, sauti ikimtetemeka kwa maumivu, lakini akamalizia! Damari alimtazama akajiambia, huyu mwanamke ni mtu, na mimi nilipita mlangoni kwake kama sioni. Alitamani ardhi immeze.

Zamu ikabadilika. Uwanja mzima ukamngoja Peniel.

"Shikamoo mama," Peniel alisema, macho chini.

"Marahaba."

"Nisamehe. Lile shamba lina chumvi. Nililima lote, halikuota kitu."

Saada aliikaza ile kanga mkononi. "Hilo sikulijua," alisema. "Nimekusema vibaya, nisamehe na wewe."

Saa tisa magunia yote yalikuwa ndani, na mvua ikashuka. Watu walijibanza barazani pamoja, wakala viazi, wakacheka. Hakuna hata mmoja aliyehama upande wake.

Jumamosi kura ikapigwa kwa kunyoosha mkono wa kulia, kama ilivyo desturi, watu wakiwa wameketi chini. Mtendaji wa kijiji alipita akihesabu kwa kidole, akaandika, akarudi mbele kutangaza: mashamba themanini na saba, malisho themanini na sita.

Pakalipuka kelele. Yasinta akapiga kigelegele, Peniel akarukaruka na mtoto mikononi. Damari peke yake hakuinuka. Alikuwa amekiona kile kidole. Saada alikuwa amekaa nyuma ya jitu moja la mabega, mkono wa kulia umefungwa kitambaa mpaka kwenye kiwiko, na kwa maumivu aliuinua ukaishia sikioni tu. Kidole cha mtendaji kiliruka. Saada mwenyewe alikuwa ameinama, anajifunga kanga aondoke.

Damari alimtazama Peniel. Shamba lilikuwa limepatikana, na Jumatatu mtoto wake hasafiri. Kukaa kimya tu, basi. Lakini yeye na kimya walijuana lini?

"Mtendaji," alisema, akasimama. "Umeruka mkono."

"Upi?"

"Ule uliofungwa kitambaa, wa Mama Kauthar. Uliumia nyumbani kwangu, kwenye alizeti yangu, na mwanangu ndiye aliyeuumiza. Uhesabu."

"Kaa chini, Mama Peniel!" watu wa upande wake walimzomea. "Umerogwa?"

"Sikai! Mtaniita mnavyotaka, ila mkono wa mtu hauliwi hapa nikiwa naona."

Ikahesabiwa upya, mikono yote juu. Themanini na saba kwa themanini na saba. Mwenyekiti wa kijiji alivua kofia, akajikuna, akaivaa. Alisema hakuna uamuzi, watu wakazungumze, mkutano utaitishwa tena baada ya mwezi.

"Mama, umefanya nini?" Peniel aliuliza. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomuumiza Damari zaidi. Machozi yalimtoka.

Saada alikuja taratibu katikati ya watu, akasimama mbele yao. Kwa mkono wa kushoto akatoa ndani ya kanga kichwa kimoja cha alizeti, kikavu, kizito.

"Hiki nilitoka nacho nyumbani asubuhi, kabla ya kura," alisema. "Jumatano napura alizeti yangu. Kulia siwezi kushika fimbo, kwa hiyo nitakuwa nasema tu, siku nzima. Sasa anahitajika mtu wa kunijibu habari za lambo, na wa kunionyesha pa kumpa kijana shamba bila kuua ng'ombe wangu."

Hakumpa Damari. Alimnyooshea Peniel.

Peniel alikitazama kile kichwa, akamtazama mama yake anayelia. Akamkabidhi Yasinta mtoto, akakipokea kwa mikono miwili.

"Jumatano nitakuwepo, mama," alisema.