Benchi la Mawakili Wageni

Asubuhi ya kesi kinyozi hakufungua duka. Tangu mkewe akamatwe, wateja walikuwa wa kutafuta kwa tochi. Wengine walipita upande wa pili wa barabara wakijifanya wanaongea na simu. Mkewe alikuwa mwalimu wa sekondari, na ndiye aliyeongoza kikundi cha wananchi waliosimama vituoni kuangalia kura zikihesabiwa. Walipotamka hadharani kwamba matokeo yaliyotangazwa siyo waliyoyashuhudia, alichukuliwa mbele ya wanafunzi wake, akashtakiwa kwa kutumiwa na mataifa ya nje.

Kwa hiyo wakili wao aliposema kwamba wenzake wa nchi jirani wanakuja kukaa mahakamani, mama mkwe alikuja juu.

"Mwanangu anaitwa kibaraka wa wageni, na wewe unatuletea wageni? Si ndiyo mnamchimbia kaburi?"

Kinyozi naye alikuwa amewaza hivyohivyo.

Waliwakuta wageni hao kwenye korido ya mahakama, wamevaa majoho meusi, jasho likiwatiririka. Mwenzao mmoja alikuwa amerudishwa uwanja wa ndege bila maelezo. Aliyewaongoza alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye fimbo, aliyetafuta pa kukaa kwanza ndipo akasalimia. Mama mkwe, ambaye hajui kumung'unya maneno, akamuuliza waziwazi wanatafuta nini kwenye mambo ya nchi isiyo yao.

"Dada yangu," yule wakili akasema, "mwaka jana mimi ndiye niliyekuwa kizimbani kwetu, kwa maneno hayahaya. Mwanao alikuja, akakaa benchi la mbele mpaka kesi ikaisha. Nilikuwa nikimtazama yeye ili nisikate tamaa."

Kinyozi na mama mkwe wakatazamana. Mwaka jana mwalimu aliwaaga kwamba anakwenda kwenye semina. Alirudi na malalamiko marefu kuhusu viti vya ukumbini.

Siku zote shauri lilikuwa likiahirishwa kabla watu hawajakaa vizuri. Safari hii hakimu aliingia, akayaona yale majoho, akachelewa kidogo kuketi. Mwendesha mashtaka akaanza wimbo wake wa kila siku: upelelezi haujakamilika.

"Utakamilika lini?" hakimu akauliza.

Mwendesha mashtaka akafungua faili, akalifunga. Wageni walitazama tu, na mmoja akasafisha miwani yake. Mwishowe hakimu akasema hawezi kuendelea kumweka mtu mahabusu kwa ushahidi ambao hajauona, akalifuta shtaka.

Hakuna aliyepiga makofi. Wakili wao aliwanong'oneza kwamba wasifurahi bado, kwa kuwa siku hizi watu hukamatwa upya mlangoni. Kweli, nje kulikuwa na wanaume waliovaa kiraia, wameegemea gari. Mawakili wakamweka mwalimu katikati. Yule mama mwenye fimbo akamshika mkono mmoja, mama mkwe akamng'ang'ania mwingine, wakashuka ngazi polepole kwa mwendo wa fimbo. Mmoja wa wale wanaume alisogea, akaona mawakili wameinua simu kumpiga picha, akarudi kwenye gari lake. Kinyozi, aliyekuwa nyuma yao, akakimbia kusimamisha teksi.

Wakapanda yeye, mkewe na mama mkwe.

"Semina ilikuwaje?" kinyozi akauliza.

Mwalimu akamtazama, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Ningekwambia, ungenikataza."

"Ningekukataza kabisa," akasema, akamshika mkono.

Nyumbani mwalimu aliomba chai. Kabla haijapoa alikuwa ameshalala kwenye kochi, mdomo wazi, akikoroma kama trekta. Siku nyingine mama mkwe angesema mwanamke gani anakoroma hivyo. Leo alikwenda kufunga dirisha ili kelele za barabarani zisimwamshe. Kinyozi akamvua mkewe viatu, akakaa sakafuni karibu na miguu yake, akausikiliza ule mkoromo.