Pampu Iliyovuta Hewa

Pampu ya Mama Seifu ilichagua siku ya kugoma, na ilichagua vibaya kweli. Miezi mitatu imemwagilia bustani yake ya nyasi pale Katesh bila kelele. Leo asubuhi, mzee Yonas amefika kutoka Hirbadaw kuona kazi ya binti yake, ndipo sprinkla zote nne za kunyunyizia nyasi zikaanza kutema mate kama watoto waliolazimishwa uji.

Kornelia, binti mwenyewe na fundi aliyezifunga kwa mikono yake, alitamani ardhi ipasuke immeze. Baba yake alikuwa amempa mwaka mmoja tu wa kuhangaika na mabomba, na mwaka wenyewe ulikuwa umeisha. Mzee alikaa barazani, fimbo mapajani, kibuyu cha samli aliyomletea mwenye nyumba kikiwa miguuni, akapokea kikombe cha chai.

"Nikimaliza chai hii maji hayajapanda," alisema taratibu, "funga mzigo. Kesho tunarudi Hirbadaw. Wale waliokuja kukuposa bado wanasubiri jibu."

"Sawa, baba," Kornelia alijibu.

Basi akaivamia ile pampu. Tangi la chini limejaa. Umeme upo. Akafungua sprinkla ya kwanza, akapuliza tundu lake: safi. Akachomoa bomba tangini, akakagua ile valvu ya mwisho inayozuia maji yasirudi: nayo safi. Akajaza pampu maji kwa jagi, akawasha. Maji yakaruka juu, Mama Seifu akapiga vigelegele, na kabla vigelegele havijaisha sprinkla zikakohoa, zikalala. Mshale wa presha ukaanguka chini.

"Mashine yako ina kwikwi," Mama Seifu alisema.

"Inavuta hewa, mama. Kuna mahali inavuta hewa."

Haya, wapi sasa? Bomba la kusukuma, linalopeleka maji kwenye sprinkla, likitoboka, maji yanaruka nje na hata kipofu atalowa. Lakini hili la kuvuta, linalotoka tangini kuja kwenye pampu, tundu lake halitoi hata tone. Linanyonya upepo kimyakimya, basi. Maungio yalikuwa sita, yote makavu, yote yanamtazama kwa upole wa kinafiki. Kuyakata na kuyafunga upya ni kazi ya kutwa nzima, na mzee alikuwa ameshafika nusu ya kikombe.

Mama Seifu ameuza vitenge Katesh miaka ishirini. Ufundi hajui, lakini watu anawajua. Alichukua chupa ya chai akapanda barazani.

"Mzee, chai yako inapoa. Ngoja nikuongeze."

Akajaza mpaka ukingoni. Mzee akatazama kikombe, akatazama chupa. Mgeni wa heshima atakataaje chai ya mwenyeji? Akanywa. Kikishuka vidole viwili, mama huyo tena na chupa yake, na habari za ng'ombe, na habari za mvua za Mogitu. Kornelia alipoona mara ya tatu alitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

Mara ya tano chupa ikatoa matone tu.

"Imeisha," mzee alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeokolewa. Akashika kikombe cha mwisho.

Kornelia akasimama. Tundu linalonyonya hewa litanyonya chochote kilicho laini, si ndiyo? Akakimbilia barazani, akainama mbele ya baba yake.

"Samahani, baba." Akanyakua kibuyu.

"Hiyo ni ya kula," mzee alisema.

"Najua, baba."

Samli ilikuwa imeganda kwa baridi ya asubuhi. Akaichota kwa kidole, akawasha pampu, akapaka ungio la kwanza. Samli imetulia. La pili, imetulia. La tatu na la nne, kimya. Alipopaka la tano, lile la kufunga kwa mkono karibu kabisa na pampu, samli ikabonyea katikati, ikafanya kitobo, ikamezwa. Akaongeza. Ikamezwa tena.

"Nimekukamata," alinong'ona.

Akazima, akafungua. Mpira wa ndani ulikuwa umepasuka. Akakata mwingine kutoka tyubu kuukuu ya baiskeli, akakaza, akajaza maji, akawasha. Sprinkla zikakohoa mara moja tu. Kisha zikainuka zote nne, zikazunguka, na ya karibu ikamlowesha mzee shuka zima, kikombe kikiwa mdomoni.

Hakusogea. Aliweka kikombe chini, akaiendea pampu, akaisikiliza ikivuma muda mrefu.

"Funga mzigo," alisema. "Kesho tunarudi Hirbadaw."

Kornelia akaiweka spana chini.

"Mzee, maji si yamepanda?" Mama Seifu alifoka.

"Nimeyaona. Pampu ya kisima chetu cha ng'ombe imekufa wiki mbili sasa, mafundi wawili wa kiume wameshindwa. Afunge spana zake."

"Na wale waliokuja kuposa?" Kornelia aliuliza.

"Nitawaambia fundi yuko kazini."

Hajawahi kumwita hivyo. Kornelia akaenda kuzima pampu, maana nyasi zilikuwa zimelowa vya kutosha, na hakutaka baba yake amwone analia.