Pini Tano Mdomoni

Kitu cha kwanza Shami alichokigundua ni pini. Fundi Usumani alikuwa na pini tano mdomoni, zimejipanga kati ya midomo kama meno ya kitana, na juu ya meza hapakuwa na nguo. Hapakuwa na hata kipande cha bitana. Alikaa tu, mikono magotini, akitazama barabara inavyoteremka bondeni Kimisagara, mtaa wao wa Kigali.

Kwa miaka minne aliyofanya kazi pale, Shami alizijua pini zile. Fundi aliziweka mdomoni alipobana pindo au alipomjaribisha mteja nguo ambayo haijakwisha, na aliongea nazo humo humo, maneno yakitoka yamebanwa, nusu yakibaki ndani. Kazi ikiisha alizirudisha moja moja kwenye kijimto chake. Siku ile hakuzirudisha. Mtu akisimama mlangoni aliitikia kwa kichwa, basi. Mwenye pini mdomoni haulizwi mengi.

Shami alielewa, akainamia cherehani yake. Alikuwa msichana ambaye hata akikanyagwa sokoni huomba radhi yeye.

Mambo yalikuwa yameanzia kwenye ujumbe wa sauti wa sekunde tisa.

Kulikuwa na mteja wa Gahanga, Évode, mkulima wa nyanya mwenye mwili wa watu wawili. Pale kibandani walimwita Mkubwa, na mwenyewe alicheka. Alikuwa anamwoza binti yake, akataka suti. Fundi Usumani alikuwa na utaratibu wake ambao hakuuacha hata siku moja. Kabla mkasi haujagusa kitambaa, alichora suti nzima kwenye karatasi pana waliyoiita patroni. Mstari wa bluu ni pa kushona, mstari mwekundu ni pa kukata. Bila mwekundu hakukata, hata mteja alie.

Ijumaa jioni kalamu nyekundu ikaishiwa wino. Umuhoza, msichana wa pili pale kazini, alikuwa ameshatoka kwenda kwao Nyakabanda. Fundi alikuwa amepiga magoti, anabana suruali ya mteja mwingine, pini mdomoni. Akamwambia Shami amshikie simu ya kazi karibu na mdomo wake, amtumie Umuhoza ujumbe.

"Usisahau kalamu nyekundu," alisema. "Mkubwa tunamkata kesho saa nne. Bila kalamu nyekundu sikati mtu."

Shami akabonyeza jina, ujumbe ukaenda.

Jumamosi asubuhi Umuhoza alikuja mikono mitupu, akaapa hakupata ujumbe wowote. Fundi akaguna, akatoka kwenda kununua kalamu mwenyewe. Mchana wa siku hiyo hiyo, katika nchi jirani, mgombea mmoja aliyeitwa Lubanzi alipigwa risasi akitoka kanisani kwenda kwenye karamu ya ubatizo wa mjukuu wake. Akafa kabla ya kufikishwa hospitali. Kimisagara watu waliipokea habari hiyo kama mvua inayonyesha kilima cha pili. Unaisikia, lakini haiko juu ya bati lako.

Jumapili mvua hiyo ikafika juu ya bati lao.

Ujumbe haukuwa umekwenda kwa Umuhoza. Ulikwenda Umuhuza, kundi la watsapu la wafanyabiashara wa mtaa, watu zaidi ya mia mbili, lililopewa jina hilo la Kinyarwanda, yaani kiunganishi, kwa kuwa liliwaunganisha. Kwenye simu majina hayo mawili yalikaa moja juu ya jingine kama mapacha, tofauti yao herufi moja tu. Siku zote Shami alimtambua Umuhoza kwa picha yake, ile ya gauni la njano. Wiki ile Umuhoza alikuwa ameitoa. Shami alilijua kosa lake Jumapili asubuhi, alipobonyeza akasikia sauti ya fundi ikitoka katikati ya sauti za watu wa mtaa. Akaufuta ujumbe, akairudisha simu kwenye droo.

Alikuwa amechelewa. Jumatatu, Eddie, fundi simu wa kibanda cha jirani, alikuja akaegemea mlango.

"Fundi, karamu yako ilifana?"

"Karamu gani?"

"Ile nyekundu."

Akatoa simu yake, akaipiga sauti. Ilitoka imebanwa, nzito, kama mtu anayesemea ndani ya mfuko, na masikio ya mtaa yaliisikia hivi. *Usisahau karamu nyekundu. Mkubwa tunamkata kesho saa nne. Bila karamu nyekundu sikati mtu.*

Usumani akacheka kwanza. Akatoa pini mdomoni apate kucheka vizuri.

"Nilisema kalamu, wewe."

"Ndiyo. Karamu."

"Kalamu, Eddie. Ya kuandikia."

"Si ndiyo hiyo ninasema, mzee? Karamu."

Hapo ndipo palipokuwa na shimo, na Usumani akatumbukia. Watu wa Kigali wengi hawana ugomvi kati ya l na r. Huzibadilisha kama mtu aliyesimama muda mrefu anavyobadilisha mguu. Usumani, ambaye babu yake alikuja na mizigo ya nguo kutoka pwani, aliona fahari kwa Kiswahili cha nyumbani kwao, na kwa miaka arobaini alikuwa akiwasahihisha majirani. Si rangu, ni langu. Si mrango, ni mlango. Walimwita mwalimu, wakaendelea kusema mrango. Sasa alihitaji herufi moja tu imwokoe, na kila aliyemweleza alimrudishia ile ile isiyofaa, tena kwa upole.

Kabla ya wiki kwisha, bwana mmoja mwenye chaneli mtandaoni, anayeishi nje na kuvaa miwani myeusi ndani ya nyumba, aliipata sauti hiyo. Akaiwekea ngoma nyuma. Akaeleza kwamba "karamu nyekundu" ni jina la siri la mauaji. "Mkubwa" kila mtu anamjua ni nani. Sauti imebanwa kwa sababu msemaji amefunika mdomo kwa kitambaa asitambulike. Na katika sekunde ya sita kuna mlio mdogo, tik, ambao yeye na wataalamu wake wameupima wakakuta ni bastola inayowekwa risasi. Shami aliusikiliza mlio huo mara nyingi. Ilikuwa pini imegonga jino.

Mtu mmoja kwenye kundi aliandika kwamba Lubanzi aliuawa saa saba, si saa nne. Akajibiwa kwamba saa nne ndiyo saa aliyotoka nyumbani kwake, kwa hiyo hesabu inakubali. Mwingine akauliza, kama ni maneno ya kawaida, mbona yalifutwa? Swali hilo Eddie alilisoma kwa sauti pale mlangoni, na Shami akajidunga sindano kwenye kidole.

Walikuja watu wawili waliovaa vizuri, wakamuuliza Usumani maswali. Akawaonyesha patroni, kalamu, pini. Mmoja alicheka mpaka akapangusa macho. Wakanywa chai, wakaondoka. Usumani akadhani yamekwisha. Jioni hiyo kundi likauliza: kama hana hatia mbona walikuja, na kama ana hatia mbona wamemwacha? Ana mtu juu huyo.

Wateja wakapungua, si kwa ugomvi. Walipita na nguo zao chini ya kwapa, wakamsalimu, wakaenda kwa fundi wa ng'ambo ya mfereji. Waliomzoea walitania.

"Usikubali akupime shingo, dada."

"Mimi anipime miguu tu. Nikikimbia ajue ni urefu gani."

Hata Mkubwa mwenyewe hakupona. Ilitokea nadharia nyingine kwamba Lubanzi hakufa. Aliyezikwa ni mtu mwingine, na Lubanzi amejificha Gahanga, analima nyanya, na suti ile ni ya siku atakayotokea. Watu wakaenda kumpiga Évode picha shambani, ameshika ndoo. Akapiga simu, akasema binti yake ameshaolewa, yeye alivaa koti la shemeji yake lisilofunga kifungo, na suti haitaki tena. Ikabaki inaning'inia ukutani, nyeusi, pana kama pazia. Hapakuwa na mwili mwingine wa kuivaa katika mtaa mzima.

Umuhoza akaondoka. Mama yake alimwambia asirudi pale, akapata kazi Nyakabanda kwa mama mmoja anayeshona mashuka.

Mara tatu Shami alijaribu kusema. Mara ya kwanza fundi alikuwa anaswali. Mara ya pili Eddie aliingia. Mara ya tatu walikuwa wawili tu, hakuna kilichomzuia, akafungua kinywa, akamwita kwa jina la mwanawe kama alivyozoea, akasema, "Papa Shimwa, nikuchemshie chai?"

Jambo lililomtisha kuliko yote lilikuja polepole. Fundi aliacha kubisha. Zamani, sauti ya yule bwana wa chaneli ikisikika kwa Eddie, alitikisa kichwa. Sasa alisogeza kiti karibu na ukuta asikilize. Siku moja alitoa pini akasema, kama anayeongea na suti:

"Gahanga mpaka hapa kuna mafundi wangapi? Mkubwa amewapita wote. Kwa nini aje kwangu?"

"Kwa sababu unashona vizuri," Shami alisema.

"Na kwa nini kalamu iishe Ijumaa? Niliinunua mwezi ule. Kalamu haiishi hivyo."

"Ilianguka, ikavuja."

"Nani aliiangusha?"

Shami hakukumbuka. Labda paka.

Tangu hapo Usumani alirudia kuchora. Mwanzoni Shami alifurahi kumwona amekunjua karatasi ya patroni mezani. Kisha akaona si nguo. Ni majina, yamezungushiwa duara, na mistari myekundu inatoka jina hadi jina, inapinda kwenye kona kama pa kukatia kwapa. Mkono wake ulikuwa ule ule mzuri, usiotetemeka. Bluu hakuitumia. Hapakuwa na pa kushona.

Mchana wa Alhamisi, mvua imetoka kukatika, alimwita.

"Njoo utazame. Nimemaliza." Sauti yake ilikuwa na uhai ambao Shami hakuusikia kwa miezi. "Mimi nilisema kalamu. Hilo sina shaka. Lakini kuna mtu alichukua sauti yangu akaipeleka kule. Nilitumiwa, Shami. Nilikuwa kama sindano, wenye uzi ni wengine. Soma hapa katikati."

Shami akaitazama karatasi. Katikati palikuwa na duara lililochorwa mara mbili.

"Umuhoza," fundi alisema mwenyewe. "Ujumbe ni wake, akasema hakuupata. Picha yake aliitoa wiki ile ile. Kwa nini utoe picha? Halafu akakimbia. Mtoto niliyemfundisha kushika mkasi."

"Umuhoza hakufanya kitu, Papa Shimwa."

"Unajua nini wewe? Una roho safi, ndiyo maana huoni." Akafungua droo, akatoa simu ya kazi. Akachukua pini kwenye kijimto, moja, mbili, mpaka tano, akazipanga mdomoni. Shami akafahamu kwamba siku hizi hakuweza tena kusema bila hizo. "Shika hapa. Ninawaambia kundi zima. Ninataja jina lake, na mahali anapofanya kazi. Wakamuulize yeye sasa. Bonyeza Umuhuza."

Shami akaipokea simu. Alimwona Umuhoza kwenye kibanda kile cha Nyakabanda, na watu wakisimama mlangoni na simu zao, kama walivyosimama hapa. Akatazama kioo. Majina yalikuwa pale pale, moja juu ya jingine, yote yameanza na kile kibakuli, yote yamekwisha kwa kile kiduara chenye mkia. Hakuna gauni la njano. Miezi yote hii, na bado hakujua ni lipi.

"Bonyeza," fundi alisema kupitia pini.

"Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Niliutuma mimi. Ule ujumbe. Uliniambia nimtumie Umuhoza, nikautuma kule. Na Jumapili niliufuta mimi."

Usumani hakutikisika. Alizitoa pini moja moja, taratibu, akazilaza juu ya karatasi. Shami alingoja apigwe, au afukuzwe, na angeshukuru. Lakini mzee alimtazama kwa macho ya huruma, yenye kung'aa, akachukua kalamu nyekundu, akaanza kutafuta nafasi ya duara jingine.

"Maskini mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Hata wewe. Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Usiogope. Niambie tu jina, niliandike."

Nje, Eddie alikuwa ameanza kuipiga ile sauti ya ngoma tena. Shami akaiweka simu mezani, juu ya mistari yote ile ambayo kwake ilikuwa mistari tu.

"Hakuna aliyenituma, Papa Shimwa," alisema. "Sijui kusoma."