Wageni wa Mlima Idelema

Watu wa kijiji cha Mwagimagi walimwita Ikupa Mama Njia. Njia zenyewe hakuzifungua yeye. Mlima Idelema ulikuwa umekanyagwa tangu enzi za bibi za bibi zao. Ila yeye ndiye aliyekuja kuzigombania. Aliletwa Bariadi kutoka Tukuyu akiwa ofisa misitu kijana, asiyejua hata kuitikia mwangaluka, salamu ya asubuhi ya Wasukuma, na kazi aliyoajiriwa kuifanya ilikuwa miti: aipande, ailinde, awafukuze wachoma mkaa. Njia hazikuwa kazi ya mtu yeyote. Lakini aliona upesi kwamba njia ikifa, msitu nao hauchukui muda. Watu wasipopita mlimani, nani atajua kwamba mkwaju wa juu kule umeangushwa?

Basi kila msimu wa kilimo akawa anapambana na majembe. Mtu akilima pamba mpaka katikati ya njia, Ikupa hakukimbilia polisi. Alivua viatu, akaingia kwenye matuta, akauliza, "Baba, mkeo akishikwa na uchungu mtampitisha wapi kwenda zahanati?" Kisha akabaki amesimama palepale juani. Wengine walimtukana kwa Kisukuma. Alipokijua Kisukuma akawa anawajibu kwa lugha yao wenyewe, wakaishia kucheka na kulisawazisha tuta.

Aliyemfundisha mlima ni Nyanjige, mjane mkulima wa mpunga ambaye nyumba yake ndiyo ya mwisho kabla ya kuanza kupanda. Nyanjige alimwonyesha njia ya chemchemi, iliyojificha kati ya majabali. Njia ya mkato ya kuvukia upande wa pili, kwenye zahanati. Na ile ndefu ya kileleni, wanayoipanda Wakatoliki kila Ijumaa Kuu na msalaba mabegani. Ikupa akazipaka alama za buluu kwenye mawe ili mgeni asipotee. Baada ya miaka michache, Jumamosi zikawa na watu: walimu, wauguzi na makarani wa mjini, wamevaa raba mpya, wanapanda wakihema na kushuka wakicheka, kisha wanakaa uani kwa Nyanjige kula viazi na karanga.

"Mlima ni wa kila mwenye miguu," Ikupa alizoea kuwaambia.

Nyanjige alimwita ng'wanone, mwanangu. Ikupa alimwita mayu, mama, na hakuwa anaigiza.

Mjini alikuwa na mtu mwingine wa kumtegemea. Mkuu wake wa kazi, Deogratias, alimpokea siku ile ya kwanza aliposhuka na begi moja asijue pa kulala. Yeye na mkewe Georgina walimpa chumba, akala mezani kwao mpaka alipopata nyumba. Na mume wa Ikupa alipofariki kwa ajali, Deogratias ndiye aliyekaa kwenye usukani kuusindikiza mwili hadi Tukuyu, safari ya siku mbili, akasimama kaburini kama ndugu wa damu. Tangu hapo Ikupa hakumwita bosi. Alimwita Kaka Deo.

Kwa hiyo Kaka Deo alipomwita ofisini asubuhi moja ya Juni, malori ya pamba yakinguruma barabarani, na kumwambia kuna watafiti wa ndege wanataka kuujua mlima, Ikupa hakuuliza mara mbili.

"Wapitishe kila njia," Deogratias alisema. "Usiwafiche kitu. Na uwakutanishe na wenyeji, wasije wakaogopwa."

Walikuwa watatu, wenye adabu na kofia pana. Walirusha kindege chao cha kupigia picha, wakasimama sana kileleni, mahali ambapo siku isiyo na ukungu unaiona mbuga ya Serengeti imelala upande wa mashariki kama ngozi iliyotandikwa. Ikupa alishangaa kidogo kwamba hawakuuliza jina la ndege hata mmoja. Akajiambia wasomi wana mambo yao. Walipokuwa wanashuka aliwapeleka kwa Nyanjige, naye akawachinjia kuku.

"Wageni wa mwanangu ni wageni wangu," Nyanjige alisema, akiwanawisha mikono mmoja mmoja.

Mvua za kwanza zilipoanza, nguzo za zege zilipanda kutoka chini ya mlima mpaka kileleni, na waya juu yake. Kwenye njia ya chemchemi palitundikwa bango: eneo la hoteli, njia za matembezi ni kwa wageni wa hoteli tu. Mlinzi asiyetoka kijijini aliwarudisha akina mama na ndoo tupu vichwani. Jiwe la kwanza ndani ya waya lilikuwa na alama ya buluu. Wenye hoteli walikuwa wameipaka upya, iking'aa.

Ikupa alifika akikimbia. Akina mama walimwona, wakageuza nyuso.

"Mwadila, mayu," alimsalimu Nyanjige.

Nyanjige hakuitikia. Katika nchi ile mtu asiyeitikia salamu amekwisha kukutoa nje ya nyumba yake.

"Uliwaleta wewe," Nyanjige alisema mwishowe, kwa Kiswahili, kama anavyosema na watu wa ofisi. "Niliwanawisha mikono."

"Mayu, sikujua."

"Ulijua njia zote. Hilo hukulijua?"

Ikupa alirudi Bariadi kwa pikipiki, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Njia nzima alijiambia kwamba Kaka Deo naye amedanganywa, kwamba wataumia pamoja, na wale watu watawafukuza pamoja. Aliingia ofisini kwake bila kubisha hodi.

"Kaka Deo, wale hawakuwa watafiti."

Deogratias aliondoa miwani, akaifuta kwa shati. Hakushtuka. Hapo ndipo Ikupa alipoelewa, akashika mgongo wa kiti.

"Ulijua."

"Kaa chini, Ikupa."

"Ulijua!"

"Nilijua. Ningekuambia ukweli, ungewapeleka?" Alisema kwa upole uleule wa siku ya mazishi. "Wanakijiji wangewafukuza kwa mawe. Walihitaji kuingia na mtu anayeaminika. Na hoteli italeta ajira. Nimekwisha kukuombea nafasi: utakuwa msimamizi wa njia zote, na gari juu yake. Si ndiyo kazi unayoipenda?"

Ikupa alimtazama mtu aliyekula naye ugali meza moja. Alitafuta usoni kwake aibu japo kidogo, ajue pa kuanzia kumsamehe. Hakuiona. Alichoona ni mtu aliyeridhika kwamba amemtendea mema.

"Ulinitumia kama chambo," alisema, akatoka.

Mkutano wa kijiji uliitishwa kwenye uwanja wa shule. Mwenyekiti, Mashimba, mtu mzito wa maneno, aliwatuliza watu, akampa Deogratias nafasi. Deogratias alizungumza vizuri, kama kawaida yake. Kisha akanyoosha mkono kuelekea alipokaa Ikupa.

"Mtaalamu wenu mnayemwamini ndiye aliyewatembeza wageni hawa. Kama kungekuwa na ubaya, Mama Njia angewapeleka?"

Watu wote waligeuka. Kaka yake alikuwa amemuuza mara ya pili, kwa jina lile alilopewa kwa mapenzi, mbele yake, mchana kweupe.

"Mama Njia," Mashimba aliuliza, "ni kweli?"

Alisimama. "Ni kweli niliwapeleka. Niliambiwa ni watafiti wa ndege, na aliyeniambia ni huyu aliyesimama hapa. Juzi amekiri kwangu kwamba alijua. Nilimwamini kuliko nilivyoyaamini macho yangu. Hilo ni kosa langu, siwezi kumbebesha yeye. Lakini mimi sikuwahi kuwa na mlima wa kumpa mtu. Njia hizi ni zenu. Msikubali."

Uwanja ulilipuka. Deogratias aliondoka kabla mkutano haujafungwa, akipunga mkono kidogo kama mtu anayewahi kikao kingine.

Shauri la kijiji dhidi ya hoteli lilipanda ngazi moja mpaka nyingine. Ikupa alitoa ushahidi kila alipoitwa, na ofisini watu waliacha kunywa chai naye. Mwishowe uamuzi ukatoka nusu kwa nusu: njia ya chemchemi na ya zahanati zifunguliwe kwa umma, kilele kibaki kwa hoteli. Ijumaa Kuu iliyofuata waumini walipanda mpaka kwenye waya. Waliuegemeza msalaba kwenye nguzo ya zege, wakasali hapo, wakashuka.

Wiki hiyo Ikupa alipata uhamisho kwenda Mwandoya, kwa mahitaji ya kazi. Katika hafla ndogo ya kumuaga, Deogratias alisimama na soda mkononi akamsifu kwa machozi ya kweli, akamwita mdogo wangu. Akanyoosha mkono.

Ikupa hakuupokea. "Ulinizikia mume," alisema, "na kwa hilo nitakushukuru mpaka nife. Ndiyo maana jambo hili halitakwisha moyoni mwangu." Georgina aliinamisha kichwa. Hakuna aliyepiga makofi.

Kesho yake alikwenda Mwagimagi. Nyanjige alikuwa anatoka na akina mama, ndoo kichwani. Hakumkaribisha, hakumfukuza. Ikupa akafuata nyuma, wa mwisho kabisa katika mstari, na hakuna aliyegeuka mpaka walipofika kati ya majabali. Nyanjige alichota, akawapa wenzake mmoja baada ya mwingine. Alipomaliza alijaza kata tena, akamnyooshea Ikupa.

"Kunywa," alisema.

Ikupa akanywa.

"Mayu, umenisamehe?"

Nyanjige alijitwika ndoo yake, akaiweka sawa. "Sijui bado," alisema kwa Kisukuma. "Huko uendako, usimpeleke mtu nyumbani kwa watu kabla hujamjua."

Akatangulia kushuka.