Koti la Duka la Mlangoni

Mimi sisahau. Niulize ni lini meneja alipiga kufuli mlango wa nyuma wa kiwanda chetu cha makoti, nitakutajia siku, na mvua iliyokuwa ikinyesha, na uwongo alioutoa: eti vitambaa vinaibwa. Niulize nani alikohoa vumbi la nyuzi mpaka akarudishwa kwao amelazwa kwenye godoro. Nawakumbuka wote, na baba zao. Shule niliiacha mapema, lakini kichwa changu ni kabati la mashtaka na ufunguo ninao mwenyewe.

Ndiyo maana najiuliza mpaka leo, lile moja lilitokaje humo kabatini.

Siku ile mashine ya pasi ilipotoa moshi, tulikimbilia mlango wa nyuma tukakuta kufuli. Hakufa mtu, ilikuwa bahati tu. Kesho yake tuligomea duka. Pale getini kampuni ilikuwa na kiduka, tulikiita duka la mlangoni, cha makoti yenye kasoro ndogondogo, kifungo kimekaa upande au bitana imejikunja, na wateja wake wakubwa tulikuwa sisi wenyewe tulioyashona. Mtu anashona wiki nzima, Jumamosi anapanga foleni kununua jasho lake. Nikapanda juu ya kreti la nyuzi nikasema: mpaka kufuli litoke, mkono wa mfanyakazi au wa mtu wake wa nyumbani usiguse kitu cha duka lile. Watu mia mbili wakaitikia.

Meneja hakunisumbua sana. Walionisumbua ni wenzangu na tamaa zao. Mmoja analilia viatu alivyoviona dirishani, mwingine miwani ya jua, na sisi jua lenyewe tunaliona saa ya chakula tu. Fundi wetu wa mashine, tuliyemwita Bisibisi, alikuja na simu yenye kioo kipana kama sinia.

"Bisibisi, hiyo ni simu au mlango?" nikamuuliza mbele ya watu.

"Mlango, kaka. Tena wangu hauna kufuli."

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi sikucheka. Nikamwambia tumbo lake halijui kesho litakula nini, na yeye anapapasa kioo.

"Likinguruma nitaliwekea muziki," akajibu.

Niliwahubiria hivyo kila siku. Jinyimeni. Anayetaka vitu hawezi kutaka haki. Nilikuwa nimelisoma mahali neno hilo, au nilijitungia, na nililipenda kama wengine wanavyopenda marashi.

Nilikuwa naishi kwa dada yangu. Mama alipofariki mimi nilikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni, na mgongo uliobaki ulikuwa wa dada. Yeye alikuwa dobi. Miaka ishirini na miwili amepiga pasi nguo za watu: magauni ya harusi asizoalikwa, mashati ya wanaume wasiomjua hata kwa salamu. Za kwake zilikuwa ni zile ambazo wenyewe walisahau kuja kuzichukua. Alikuwa anavaa gauni la mwanamke mrefu kuliko yeye, amelipinda pindo mara mbili, na harufu ya sabuni ya wenyewe bado imo.

Kitu chake kimoja cha raha kilikuwa wali wa Jumamosi. Alikuwa anaupalia makaa juu na chini kwa makusudi, ushike ukoko. Ukoko ulikuwa wangu tangu sina meno. Hakuupakua, alinisogezea sufuria na mwiko, nikwangue mwenyewe nikiwa nimechuchumaa jikoni, na yeye ananicheka: "Kitinda, utaitoboa sufuria!" Kitinda, kwa sababu mimi ndiye kitindamimba. Wageni wakija hawakuonjeshwa. "Mgeni hapewi ukoko," alikuwa anasema. "Mgeni anapewa wali wa katikati, anawekewa na kitambaa."

Wakati wa mgomo sikuonekana nyumbani ila kulala. Nilihutubia watu mia mbili, lakini dada yangu, tuliyekula naye sufuria moja, sikumwambia hata neno. Niliona hayamhusu. Kazi yake si kiwandani.

Jumamosi ya tatu, saa ya chakula, uwanja umejaa na mimi niko juu ya kreti, nikaona watu wa nyuma wanageuka. Mtu anapita. Kwanza nililiona koti. Jekundu, la sufu, kola pana. La kwetu, ningelijua hata gizani. Halafu nikaona ndani yake yupo dada, mkononi amebeba hotpoti. Alikuwa ametembea kutoka kwenye udobi wake ili nile. Anatabasamu, na kwa mkono mmoja anajigusa kola, kama mtu anayehakikisha bado ipo.

"Ee, huyo si dada yake Msemaji?" mwanamke mmoja akasema. Msemaji ndiyo jina nililopewa pale.

"Na hilo si la duka la mlangoni?"

Wote wakanitazama mimi.

Ningeweza kushuka. Kreti lile halikuwa refu, hatua moja tu. Ningemshika mkono, nikampeleka pembeni, nikamwambia. Lakini niliona aibu inanijia, nikataka imfuate mwingine.

"Tazameni!" nikasema, kwa sauti ileile ya kufuli. "Nisiseme ya kwenu nikaficha ya kwangu. Hata nyumbani kwangu tamaa imeingia! Sisi tunavuta moshi, yeye anavuta kola! Huyu ni dada yangu wa tumbo moja, na leo mbele yenu nasema: anayevaa koti hili amevaa kufuli!"

Makofi yalilipuka. Mtu akapiga mluzi. Mwingine akaita, "Dada, zungusha na nyuma tuone!" Na juu, kwenye dirisha la ofisi, nilimwona meneja amesimama na kikombe. Alikiweka chini, naye akapiga makofi. Niliona. Nikajiambia ananikejeli. Sikutaka kukumbuka kwamba tangazo lake ukutani lilisema vilevile, neno kwa neno: wafanyakazi wajifunze kujinyima.

Dada alisogea mpaka kwenye kreti. Alivua koti. Alilikunja kama anavyokunja dobi, mikono nyuma, kola juu, akaliweka kwenye kreti karibu na viatu vyangu, na hotpoti juu yake. Akaondoka na kiblauzi chake katika manyunyu. Akaokota kanga yake iliyodondoka pale getini, akajifunika, akaenda.

Na mimi nilifungua hotpoti nikala. Nilikuwa na njaa. Juu ya maharage kulikuwa na kipande cha ukoko, kimefungwa peke yake kwenye karatasi ili kisilowe. Nilikitafuna palepale juu ya kreti, watu wananisifu.

Koti tulilitundika kwenye msumari ukutani, kielelezo. Kila aliyetamani kitu alioneshwa. Nyumbani dada alinifungulia mlango, chakula kimefunikwa, akarudi kulala. Nilisema, atazoea.

Baada ya wiki mbili kufuli lilitoka. Tulishinda, na hilo halikanushiki. Mlango ule uko wazi mpaka leo, na wanaopita hawajui kuna siku haukuwa wazi. Tuliimba. Bisibisi akalivaa lile koti kwa mzaha, akawa anatembea kwa mbwembwe kama bibi harusi, kalio huku, mkono mfukoni. Ghafla akasimama.

"Msemaji. Thelathini na moja ni meza ya nani?"

Kwetu kila koti lina mmaliziaji, anayefunga bitana na kola, na kila mmaliziaji huacha kikaratasi cha namba ya meza yake katika mfuko wa kushoto, ili kasoro ikionekana ajulikane wa kulaumiwa. Kuna makoti mamia, na meza arobaini.

"Yangu," nikasema.

Bisibisi alilivua koti polepole. Hakufanya mzaha. Nilikwenda kwa mwanamke aliyekuwa muuzaji wa kile kiduka.

"Namkumbuka sana," akaniambia. "Alikuja mara tatu. Hajaribu hata moja mwilini, anapekua mifuko tu. Nikadhani mwizi. Nikamwuliza, mama, unatafuta saizi gani? Akasema saizi si shida, nitapunguza mwenyewe. Nikamwambia hili lina kasoro, bitana imevutwa. Akasema, 'Najua. Huyo huwa ana haraka.'"

Hapo ndipo kabati lilipofunguka. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nimeshaacha shule. Dada alikuwa amesimama wiki kadhaa mbele ya dirisha la duka moja, akitazama viatu vyekundu vyenye ukanda. Siku alipoweza kuvinunua, alirudi na redio. Redio kuukuu, antena imevunjika, tukaifunga waya. Jirani alisema upande wa pili wa ukuta ili tusikie: "Sukari hawana, redio wanayo!" Dada akajibu, "Sukari inayeyuka, jirani." Katika redio ile nilijifunza kusema. Neno mgomo nililisikia humo kwa mara ya kwanza, nimelaza sikio juu ya anasa ya mwanamke asiye na viatu. Nakumbuka kufuli, nakumbuka moshi, na hilo nilikuwa nimelisahau.

Nilibeba koti mpaka nyumbani. Jumamosi, mchana, harufu ya wali mpaka barabarani. Alikuwa jikoni.

"Dada, nimekuletea koti lako. Nimeona namba. Sikujua, dada. Nisamehe."

Alijifuta mikono. Akalishika koti, akapitisha kidole kwenye bitana pale ilipovutwa, akalitundika nyuma ya mlango. Lipo hapo hadi leo. Sijaliona mwilini mwake.

"Yameisha," akasema. "Kaa, ule."

Niliingia nichuchumae karibu na sufuria, kama siku zote. Akanizuia kwa mkono, kwa upole.

"Hapana, si hapo. Kaa mezani."

Nikakaa. Akaniletea maji ya kunawa na taulo lililopigwa pasi. Akaniletea sahani ya wali, mweupe, wa katikati kabisa, umefunikwa kitambaa.

"Na ukoko, dada?"

Nilisikia mwiko ukikwangua jikoni, kwa muda mrefu, halafu kuku wakikimbilia uani.

"Karibu chakula, Msemaji," akasema.