Nipishe Sakafuni

Jumanne saa tatu asubuhi, Bernadina alikuwa kibarazani kwake Manundu, Korogwe, akigeuza maandazi ya karai la pili, sauti yake ilipomrudia. Redio ya Sadala, fundi cherehani wa kibaraza cha jirani, ilikuwa imetoka kutangaza kwamba Faudhia wa Kwamsisi, malkia wa disko, amefariki dunia Dar es Salaam usiku wa kuamkia siku hiyo. Wakampigia ule wimbo wake unaojulikana nchi nzima, "Nipishe Sakafuni". Ngoma ikaanza, kinanda kikaingia. Ilipofika zamu ya mwimbaji redio haikutoa neno, na Bernadina akafungua mdomo akaimba yeye.

Aliimba beti zote tatu na kiitikio chake, kwa sauti ya msichana wa miaka ishirini na miwili, ilhali mwenyewe ana sitini na moja na magoti mabovu. Sadala alipopunguza redio, na yeye akapungua. Alipoongeza, akaongezeka. Wimbo ulipokwisha Bernadina akafuta mdomo kwa pembe ya kanga, akachungulia karaini. Maandazi manne yalikuwa yameungua.

"Mama Janeth, kumbe ulikuwa wewe," alisema Sadala, akarudi kwenye suruali aliyokuwa anaipunguza.

Redio zote zilikuwa zinaomboleza siku hiyo, kwa hiyo hadi adhuhuri alikuwa ameuimba mara kumi na moja. Wateja walijifunza kungoja amalize ndipo wadai chenji. Jirani mmoja akamletea chai ya tangawizi, maana koo lile, sauti iwe ya msichana au isiwe, lilikuwa la mtu mzima.

Kisa chenyewe ni kifupi na hakina cha kupambwa. Mwaka themanini na sita Bernadina na Faudhia walikuwa waimbaji wawili wa bendi ya shamba la mkonge, iliyokuwa ikipiga disko ukumbi wa kambi kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Bernadina alikuwa na sauti, Faudhia alikuwa na miguu. Kiongozi wao, Ernesti, alipopata nafasi ya kurekodi Dar, Bernadina aliziimba nyimbo zote sita kwa siku mbili, akiwa na mimba ya miezi saba na hana mume. Ernesti akasema disko haichezwi na tumbo. Faudhia apande jukwaani afungue mdomo, kanda iimbe, na mwenye tumbo akishajifungua atarudi mahali pake. Wapi! Bernadina anatoka arobaini, picha ya Faudhia na viatu vyake vya rangi ya fedha imeshabandikwa kwenye makasha ya kanda kutoka Tanga mpaka Kigoma.

Kwa miaka thelathini na tisa Faudhia aliimba kwa pleibeki. Alitumbuiza wakubwa, akapewa ngao, akapewa vyeti. Hakuwahi kuahirisha onyesho hata moja kwa sababu ya mafua, na watu wakamsifu kwa nidhamu. Kila Idi alimpelekea Bernadina doti moja ya kanga, na hakuna siku aliyosema ni za nini. Bernadina alizivaa zikachakaa.

Hakumwambia mtu, hata Janeth binti yake, maana kukieleza kisa kungekuwa kumwambia mtoto kwamba tumbo lililomkosesha mama yake jina lilikuwa yeye. Lakini sauti ilipomrudia, alitaka kitu kimoja tu: jina lake litajwe mbele za watu, mara moja, kabla Faudhia hajafukiwa. Akishafukiwa, itakuwa ni kumsengenya maiti.

Na ruhusa ya kusema alikuwa nayo. Babu yake alikuja Korogwe kutoka Tabora, manamba wa kukata mkonge. Yeye basi ni Mnyamwezi, Faudhia ni Mzigua, na Mnyamwezi na Mzigua ni watani tangu zamani. Mtani hazuiwi msibani. Anaweza kulikalia jeneza njiani, akamsema marehemu hadharani, na wafiwa wasinune. Bernadina hakuona mlango mwingine uliokuwa wazi namna hiyo.

Jumatano asubuhi yeye na Janeth wakapanda basi mpaka Mkata. Pale stendi kila kibanda kilikuwa kinaupiga wimbo, kila kimoja kimefika mahali pake katika wimbo, hivyo Bernadina akaimba ubeti wa kwanza na wa tatu kwa pamoja huku abiria wakinunua mahindi ya kuchemsha. Wakachukua pikipiki hadi Kwamsisi, nyumbani kwa kina Faudhia, alikoletwa kuzikwa.

Wanaume walipolitoa jeneza nje kwenda kuliswalia, Bernadina alijilaza njiani. Watu wakaanza kutabasamu. Mtani amefika.

"Hapiti mtu," alisema. "Huyu mnayemlilia hakuimba hata neno. Niliyeimba ni mimi, Bernadina, nina mimba ya huyu Janeth mnayemwona. Mwenzangu alikuwa anafungua mdomo."

Uwanja mzima ukacheka. Mwatumu, dada wa marehemu, ambaye hakuwa ameonja chakula tangu jana, alicheka mpaka akashika ukuta. Hapo simu ya diwani ikaita, na mlio wake ulikuwa wimbo uleule, basi Bernadina akaimba mistari miwili akiwa chali vumbini, mpaka diwani alipoipata mfukoni akaizima na yeye akakatika katikati ya neno. Wakampigia makofi. Wakasema huyu mtani kajiandaa.

"Jamani, nasema kweli," alisema Bernadina.

Ndivyo wasemavyo watani wote. Sarafu zikaanza kumwangukia, kwenye tumbo, kwenye kanga. Akamtafuta Janeth kwa macho. Janeth alikuwa ameziba mdomo kwa mtandio, mabega yanamtikisika, machozi ya kicheko yanamtoka. Kilimuuma kile kuliko vyote vya miaka thelathini na tisa. Bernadina akaokota sarafu kama desturi inavyotaka, akasimama, akapisha.

Wakati wa kurudi Janeth alimpangusa vumbi mgongoni. "Mama, umewaweza," alisema. "Na mimi ukanitia humohumo!" Bernadina akasema ndiyo.

Wiki iliyofuata kituo kimoja cha redio, kilichochoka kupiga kinanda kitupu, kilisikia habari za mtani wa Kwamsisi, kikamtafuta. Sasa kila Jumamosi saa nne Sadala humshikia simu mdomoni, wao huko hupiga kanda, na nchi husikia. Mara ya kwanza, wimbo ulipokwisha, mtangazaji alisema, "Huyo ni marehemu Faudhia, sauti isiyozeeka." Bernadina akaisogelea simu akasema kwamba sauti ni yake na jina lake ni Bernadina.

Mtangazaji alicheka kwa upendo kabisa. "Watani bwana! Hata kaburini hawamwachi mtu."

Sadala akakata simu, akarudi cherehanini. Siku za Jumamosi Bernadina hainjiki tena karai mpaka wimbo uishe, ili maandazi yasiungue.