Kipima Joto cha Zuhura

Hebu niambie, kioo chembamba kama ganda la yai utakiangushaje kwenye sayari ya Zuhura kisipasuke?

Swali hilo lilimkosesha raha Bi Chiku, msuka kamba wa Chumbageni, tangu Ijumaa, ingawa hakuulizwa yeye. Lilikuwa la mumewe, Idarusi, msoma vipimo wa kituo cha hali ya hewa. Mwaka huo wa hamsini na nane Warusi walikwisha kurusha mwezi wao wa bati, na gazeti moja la ng'ambo likawataka wasomaji wachore chombo cha kupima joto la sayari nyingine, kitakachotua kizima. Posta inafunga mfuko wa barua za meli leo saa sita mchana.

"Mito mingine iko wapi?" Idarusi alifoka.

"Ipi? Umeichana yote. Mama yako kalalia kanga juzi."

Sufi ilitapakaa ua mzima, nyingine imo kwenye mchuzi. Vipima joto viwili vilikwisha kuvunjika ndani ya sufi hiyo hiyo, kimebaki kimoja. Bi Chiku akasuka kamba, akaifumua, akaisuka tena. Akaenda mlangoni. Akarudi.

Idarusi akapanda mnazi, kisanduku chenye kipima joto hicho ndani ya sufi kimefungwa kiunoni. Huko juu nazi zikamzuia, akazisukuma kwa mguu. Pu! Pu! Zikadunda, zikabingirika na makumbi yake mpaka miguuni pa mkewe, nzima. Wala Idarusi hakuzitazama.

"Kaa mbali, nakiachia!"

"Teremka!" Bi Chiku alijishtua mwenyewe. "Teremka nacho, Bwana Idarusi."

Akateremka amenuna. Bi Chiku akaikung'uta sufi yote, akakisindilia kipima joto katikati ya usumba wake wa kusukia kamba, nyuzi za makumbi ya nazi aliyoyafukia topeni miezi sita na kuyaponda kwa mikono yake.

"Haya, panda."

Akapanda, akakiachia. Kisanduku kikadunda mara mbili. Idarusi akakifungua. Kioo kizima, zebaki imetulia kwenye digrii themanini na sita za Farenhaiti.

Akachukua kalamu, achore kabla posta haijafunga, lakini akaishika tu.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu mto wa kwanza."

"Mbona ukanyamaza, mke wangu?"

"Kutwa waniuliza chai iko wapi, kanzu iko wapi, mito iko wapi." Bi Chiku akapangusa sufi usoni. "Mimi nilitaka uniulize mara moja tu: Chiku, wewe waonaje?"